John Harrison: Seremala wa Mji Mdogo Aliyewapa Manahodha Saa

Sisi watu wa Pwani hatuhitaji kufunzwa heshima ya fundi seremala. Tumekua tukipita chini ya milango ya nakshi ya Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, na tumeona huko Matondoni jinsi mbao, misumari na kalafati zinavyogeuka kuwa jahazi la kuvuka bahari. La kusikitisha ni kwamba mara nyingi kazi hubaki na jina la fundi likapotea. Mlango utasifiwa miaka mia mbili, na aliyeuchonga hakuna amjuaye.

Leo tutasimulia maisha ya seremala mmoja wa Uingereza, mtu wa mji mdogo, baba wa watoto, asiye na chuo wala cheo, ambaye jina lake nusura lipotee vivyo hivyo. Huyo ni John Harrison. Yeye ndiye aliyetengeneza saa ya kwanza iliyoweza kumjulisha nahodha, katikati ya bahari kuu, mahali hasa alipo. Kazi hiyo ilimmalizia umri wake, na kuupata ujira wake kulimchosha karibu sawa na kuifanya kazi yenyewe.

MTOTO WA SEREMALA

Harrison alizaliwa mwezi wa Machi mwaka 1693 katika kijiji cha Foulby, jimbo la Yorkshire, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano. Baba yake alikuwa seremala. Mtoto alipokuwa bado mdogo, jamaa wote walihamia Barrow, mji mdogo ulio karibu na mto Humber katika jimbo la Lincolnshire. Huko ndiko alikoshika randa, patasi na msumeno, akajifunza kazi miguuni pa baba yake, kama watoto wa mafundi walivyokuwa wakijifunza kila pembe ya dunia.

Masomo ya shule hakupata ya kutosha. Lakini alikuwa na kiu ya elimu. Kasisi mmoja alimwazima nakala ya mafunzo ya Nicholas Saunderson, yule mwalimu kipofu aliyefundisha hesabu katika chuo cha Cambridge. Harrison hakuwa na uwezo wa kununua kitabu cha namna hiyo, basi akakaa akakinakili chote kwa mkono wake, michoro kwa maneno, akakihifadhi kwa miaka mingi.

Mwaka 1713, kabla ya kutimiza umri wa miaka 21, alitengeneza saa yake ya kwanza kubwa ya kusimama. Msomaji atashangaa kusikia kuwa ndani yake karibu kila kitu kilikuwa mbao. Magurudumu yenye meno, ambayo mafundi wa saa huyakata kwa shaba, yeye aliyakata kwa mti wa mwaloni. Alifanya hivyo kwa kuwa mti ndio aliokuwa nao na ndio alioujua. Aliyapanga meno yale kwa kufuata nyuzi za mbao ili yasivunjike. Saa tatu za namna hiyo, za miaka ya 1713, 1715 na 1717, zimehifadhiwa hadi leo.

Mnamo mwaka 1722 hivi aliunda saa ya mnara katika shamba la kabaila mmoja huko Brocklesby. Saa nyingi za zamani zilikwama kwa sababu ya mafuta, kwani mafuta ya siku zile yaliganda wakati wa baridi na kushika vumbi. Harrison aliondoa shida hiyo kwa useremala wake: sehemu zinazosuguana alizitengeneza kwa mti mmoja mgumu sana kutoka visiwa vya Karibi, ambao una mafuta yake ndani kwa ndani. Saa ile haitiwi mafuta, na bado inakwenda.

NYUMBANI MWAKE

Harrison alioa mwaka 1718, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume, John. Mwaka 1726 mkewe akafariki, akamwachia mtoto wa umri wa miaka saba tu. Mwaka huo huo alioa mke wa pili, naye akamzalia William mwaka 1728 na binti, Elizabeth, mwaka 1732. Yule John wa kwanza alikufa angali kijana, mwaka 1738. Basi tunapomsoma fundi huyu tusimdhanie kuwa mtu aliyejifungia na saa zake asijue dunia. Alizika mke, akazika mwana, na asubuhi akarudi kwenye meza ya kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kazi ya nyumba nzima. Ndugu yake James alishirikiana naye katika zile saa za mwanzo. Usiku walitoka kuzipima kwa nyota. Harrison alisimama mahali pamoja dirishani, akaangalia nyota ikipotea nyuma ya dohani la jirani. Nyota ile ile hupotea mapema kwa dakika 3 na sekunde 56 kila usiku, na kwa kipimo hicho kisichodanganya waliweza kujua saa imekosea kiasi gani. Kufikia mwaka 1727 hivi, ndugu hao wawili wa kijijini walikuwa na saa zilizokosea kama sekunde moja tu kwa mwezi. Hata London kwenye mafundi mashuhuri hapakuwa na saa zilizozishinda.

Siri mojawapo ilikuwa pendulumu, yaani ule uzito uning'iniao na kwenda huku na huko. Chuma hurefuka kwa joto, na pendulumu ikirefuka saa huchelewa. Harrison aliunganisha fito za shaba na za feleji kwa namna ambayo moja ikirefuka kushuka, nyingine hurefuka kupanda, na urefu wa jumla ukabaki vile vile jua kali au baridi.

TABU YA MANAHODHA

Sasa hebu tuone kwa nini saa iwe jambo la kufa na kupona baharini.

Manahodha wetu wa zamani walipokwenda Arabuni na Bara Hindi kwa pepo za kusi na kaskazi walijua kupima kimo cha nyota, na kwa hicho wakajua wako kaskazini au kusini kiasi gani. Hiyo ndiyo latitudo. Tabu ilikuwa kujua umbali wa mashariki na magharibi, yaani longitudo, kwa kuwa dunia inazunguka na mbingu haimsubiri mtu.

Wanaofuata nyakati za sala watalielewa jambo hili upesi. Jua hupinduka Lamu kama dakika 5 kabla halijapinduka Mombasa, kwani Lamu iko mashariki zaidi. Lakini Mombasa na Makka, ijapokuwa ziko mbali sana, ziko karibu katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, na zawali ya miji hiyo miwili haipishani hata dakika moja. Hivyo basi, tofauti ya saa ndiyo tofauti ya mahali. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, nazo ni digrii 15 kwa saa moja. Nahodha akiwa na saa inayoshika wakati wa bandari alikotoka, atangoja jua lifike utosini, atazame saa yake, na ile tofauti itamwambia amesafiri umbali gani.

Hesabu ni nyepesi. Kilichokosekana ni saa yenyewe. Pendulumu haifanyi kazi katika chombo kinachoyumba, na saa za mfukoni za siku zile zilikosea dakika nzima na zaidi kwa siku. Karibu na Ikweta, kosa la dakika moja ni maili 15 za baharini, umbali unaotosha kumkalisha mtu mwambani.

Hayo si maneno ya kutishana. Mwaka 1707 manowari nne za Uingereza zilizokuwa zikirudi nyumbani zilipotea hesabu, zikagonga miamba ya visiwa vya Scilly usiku, na zaidi ya mabaharia 1,000 wakafa maji. Kwa hiyo mwaka 1714 Bunge la Uingereza likatunga sheria: atakayevumbua njia ya kujua longitudo kwa kosa lisilozidi nusu digrii, katika safari ya kwenda visiwa vya Karibi, atapewa paundi 20,000. Zilikuwa fedha za kumtajirisha mtu na wajukuu wake. Paliundwa Halmashauri ya Longitudo kuzichungua kazi za watu. Wataalamu wengi, na Isaac Newton alikuwa mmoja wao, waliona jibu litatoka mbinguni, kwa elimu ya falaki. Saa ya namna ile walidhani haitengenezeki.

SAFARI YA LONDON

Mwaka 1730 hivi Harrison alifunga safari kwenda London na michoro yake. Mwanafalaki wa Mfalme, Edmond Halley, alimpokea vizuri na kumwelekeza kwa George Graham, fundi wa saa aliyesifika kuliko wote. Graham angeweza kumwona mshamba huyu kuwa mshindani. Badala yake alimsikiliza siku nzima, akamkopesha fedha aende akaijenge saa yake. Ni vizuri kumtaja Graham, maana wema wa fundi kwa fundi hauonekani kila siku.

Miaka mitano baadaye saa ya kwanza ya baharini ikatoka Barrow. Ilikuwa mtambo wa uzito wa kilo 34 hivi, mwingi wake shaba, lakini magurudumu yake mengi bado yalikuwa ya mwaloni. Mahali pa pendulumu palikuwa na mizani mbili zilizofungamanishwa kwa kamani, moja ikienda kulia nyingine yaenda kushoto, ili mrama wa meli usizisumbue.

Mwaka 1736 ilipelekwa Lisbon. Katika safari ya kurudi, maofisa wa meli waliona nchi kavu wakaitambua kuwa rasi fulani. Harrison, ambaye hakuwa mwanamaji, aliwaambia kuwa ile si hiyo, ni rasi nyingine iliyo magharibi zaidi kwa maili kama 60. Walipokaribia, ikaonekana kuwa seremala ndiye aliyesema kweli.

Halmashauri ilipomwita mwaka 1737, kila mtu alikuwa tayari kumsifu. Angeweza kudai saa yake ipelekwe Karibi mara moja. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyesimama akaanza kuitia ila. Alisema ni kubwa mno, ina kasoro, naye anaweza kuunda iliyo bora. Akaomba tu msaada wa paundi 500. Saa ya pili ikaisha, akaigundua kosa, hakutaka hata ijaribiwe. Akahamia London na jamaa yake, akaanza ya tatu. Hiyo ilimchukua miaka 19.

Mtu aweza kusema kuwa miaka 19 imepotea bure, kwani saa ya tatu nayo haikumridhisha. Lakini ndani yake alibuni vitu viwili ambavyo dunia haijaviacha. Kimoja ni ubapa wa metali mbili zilizoshikamanishwa, ambao hujipinda joto linapobadilika. Kwa muda mrefu pasi za umeme zimetumia kitu hicho ili zijizime zinapopata moto wa kutosha. Cha pili ni beringi ya vigurudumu vilivyotengwa ndani ya kizimba, ambayo ndugu yake yumo katika kila gari lipitalo barabarani.

SAA YA MKONONI

Mwaka 1759 Harrison, akiwa na umri wa miaka 66, aliwashangaza wote. Saa yake ya nne haikuwa mtambo tena. Ilikuwa mfano wa saa kubwa ya mfukoni, upana wa sentimita 13, yenye almasi na yakuti ndani ili kupunguza msuguano. Yule aliyeanza na mwaloni alikuwa amefika mbali, na mwenyewe aliipenda kuliko kazi zake zote.

Yeye alikuwa mzee wa kutovumilia bahari, basi safari ikawa ya mwanawe William, ambaye sasa alikuwa mtu mzima na msaidizi wake. Novemba 1761 William alipanda manowari iitwayo Deptford kwenda Jamaica. Njiani hesabu ya nahodha na hesabu ya saa zikapishana. William akashikilia kuwa wasipogeuza njia kesho wataviona visiwa vya Madeira. Kulipokucha, wakaviona. Walipofika Jamaica Januari 1762, baada ya siku 81, saa ilikuwa imechelewa sekunde 5 tu.

Mtu angetarajia kuwa mambo yamekwisha. La, ndipo yalipoanza. Halmashauri ilisema huenda ikawa bahati tu, na kwamba longitudo ya Jamaica yenyewe haijahakikishwa. Wakataka jaribio jingine. Mwaka 1764 William akasafiri tena, safari hii hadi Barbados. Kosa likawa sekunde 39 kwa siku 47, chini ya maili 10 za baharini, ilhali sheria iliruhusu maili 30. Hapakuwa tena na pa kusingizia bahati.

Hata hivyo fedha zote hazikutoka. Mwaka 1765 ikatungwa sheria mpya: Harrison atapata nusu akieleza siri zote za saa yake, na nusu ya pili hadi nyingine zitengenezwe kwa mfano wake. Mwaka huo huo Nevil Maskelyne akawa Mwanafalaki wa Mfalme na mjumbe wa Halmashauri. Yeye alikuwa mtetezi wa njia ya kupima longitudo kwa mwezi na nyota. Tusimdhulumu: njia yake ilikuwa ya kweli, nayo iliwafaa manahodha wengi wasioweza kununua saa. Lakini mshindani alikuwa amefanywa hakimu.

Harrison naye hakuwa mtu mwepesi. Kalamu yake ilikuwa nzito, maneno yake yakifungamana mpaka msomaji akapotea, na aliogopa kuibiwa kazi yake. Alieleza, akafungua saa mbele ya mafundi, akalipwa nusu. Mwaka 1766 Maskelyne akaja nyumbani kwake kuzichukua saa kwa amri ya Halmashauri. Katika kuzibeba, ile ya kwanza, iliyotoka Barrow, iliangushwa ikaharibika mbele ya mwenyewe. Kisha ile ya nne ikajaribiwa Greenwich chini ya Maskelyne, na taarifa ikatoka kwamba haiwezi kutegemewa.

MLANGO WA MFALME

Fundi mwingine, Larcum Kendall, aliagizwa aiige ile saa, akaimaliza mwaka 1769. Nahodha James Cook aliichukua katika safari yake ya pili ya kuzunguka dunia, 1772 hadi 1775, akairudisha na sifa tele. Lakini Harrison hakuwa na umri wa kungoja. Pamoja na William alikuwa ameunda saa ya tano, na bado walikuwa wakisumbuliwa watengeneze nyingine.

Mwaka 1772 William alimwandikia Mfalme George wa Tatu kumweleza dhuluma aliyotendewa baba yake. Mfalme alipenda elimu na vyombo vyake. Aliwaita, akawasikiliza, akaikagua saa ile ya tano katika jumba lake la falaki huko Richmond. Kwa wiki 10 ilikosea sekunde nne na nusu tu. Mfalme akawaunga mkono, na Juni 1773 Bunge likaidhinisha alipwe paundi 8,750. Kwa jina haikuwa ile zawadi ya mwaka 1714, kwani zawadi yenyewe hakupata kutunukiwa mtu yeyote. Lakini mzee alikuwa na umri wa miaka 80, na angalau deni lilikuwa limekaribia kuisha. Sisi tuliofunzwa kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka tutapima wenyewe jasho hili lilikuwa limekauka miaka mingapi.

Alifariki London tarehe 24 Machi 1776, akitimiza miaka 83. Akazikwa Hampstead, karibu na mkewe wa pili, na baadaye William akazikwa hapo hapo.

ATHARI ZAKE

Mafundi waliomfuata walizifanya saa za baharini kuwa rahisi na za bei nafuu. Meli ya Beagle, iliyoanza safari yake mashuhuri mwaka 1831, ilichukua 22. Nasi zilitufikia mapema zaidi. Kati ya mwaka 1822 na 1826 Kapteni William Owen alipima pwani ya Afrika kwa ajili ya ramani za Uingereza, naye alitegemea saa za namna hii kuhesabu longitudo za bandari. Ndiye yule aliyeingia Mombasa mwaka 1824 wakati wa Mazrui, na jina la meli yake, Leven, liko mpaka leo katika Leven House ya Mji wa Kale. Hata vyombo vya satelaiti vinavyowaongoza madereva na wavuvi siku hizi hufanya hesabu ya jamaa moja na ile: ni saa sahihi kabisa zilizo angani, zikilinganisha wakati ili kupata mahali.

Saa za Harrison zilikaa zikiota kutu mpaka ofisa mmoja wa jeshi la majini, Rupert Gould, alipoanza kuzifufua katika miaka ya 1920. Leo zinatazamwa na wageni huko Greenwich, mahali pale pale zilipopelekwa kwa mkokoteni. Mwaka 2006 liliwekwa jiwe la kumbukumbu yake katika kanisa la Westminster.

Jambo moja la mwisho. Mwaka 1775, mwaka mmoja kabla ya kufa, Harrison alichapisha kijitabu akidai kuwa kwa njia zake yawezekana saa ya pendulumu ikosee sekunde moja tu kwa siku 100. Watu walimcheka, wakasema mzee amepotewa na akili. Basi mafundi wa zama zetu wakaijenga saa kwa kufuata maagizo yake, ikafungwa kwa lakiri huko Greenwich na kuachwa iende yenyewe. Mwaka 2015 matokeo yakatangazwa: kwa siku 100 ilikuwa imekosea sekunde isiyotimia moja. Seremala wa Barrow alikuwa kaburini miaka 239, na hesabu yake ilikuwa sawa.